Sidiria Iliyosimama Yenyewe

Katika mtaa ulioitwa Kenya, mjini Elisabethville, mtu aliyetoka nje na nguo yenye mikunjo aliulizwa kama anaumwa. Ndivyo walivyokuwa watu wa mtaa ule. Vumbi jekundu liliwafuata mpaka kwenye sahani, na moshi wa kiwanda cha shaba uliwashukia asubuhi na jioni. Hata hivyo kola za mashati yao zilikuwa nyeupe na ngumu. Mwanamume aliweza kula bukari, yaani ugali, kwa chumvi siku tatu bila kulalamika. Kutembea na shati lililolegea, hilo hakuliweza.

Bingwa wa pasi katika barabara ile alikuwa Mwajuma. Wazazi wake walitoka Kasongo, huko Maniema, na mumewe Amadi alikuwa fundi cherehani. Mwajuma alichemsha wanga wa muhogo, ule ambao watu wa mji waliuita amido. Ulipokuwa mwepesi kama uji wa mtoto, alitia kipande kidogo cha mshumaa ili nguo ing'ae. Kisha alilowesha, akakausha, akapiga pasi ya makaa. Shati lililopita mikononi mwake lilisimama kama limevaliwa.

Mbele ya karakana ya Amadi, Mwajuma alikuwa na duka lake dogo. Hakuuza unga wala samaki. Aliuza vitu vya watoto wachanga na mama zao: nepi, kofia za sufu, soksi ndogo, poda, pini, chupa za kunyonyeshea. Mwanamke akikaribia kujifungua alikuja pale kuandaa kifurushi chake. Mwajuma hakupata kusoma sana, lakini jina la kila mtoto wa barabara ile alilijua, na kila mtoto alivaa kofia iliyotoka dukani kwake. Jambo hilo lilimpa furaha kubwa.

Mwaka wa 1953, Mwajuma alipata wazo jipya. Alikwenda mjini, upande wa wazungu, kununua pini. Dukani mle Waafrika hawakuingia. Walihudumiwa kwenye dirisha dogo la pembeni. Akiwa kwenye foleni aliangalia kioo kikubwa cha mbele, maana macho hayana pazia. Nyuma ya kioo aliona sidiria, au sutien kama walivyoiita, ya mama anayenyonyesha. Ilikuwa nyeupe, ina kifungo mbele ya kila titi. Nayo ilisimama wima, imejaa na kung'aa, bila mtu ndani yake.

Mwajuma alirudi nyumbani miguu haigusi chini. Alimwambia Amadi kwamba siri ya wazungu ameijua. Ni amido tu, tena nzito. Amadi alikata kitambaa kigumu cha amerikani, akashona. Vipimo alitoa Mwajuma kwa kukisia, maana fundi mwanamume hapimi kifua cha mke wa mtu. Alimtazama mwanamke mjamzito aliyekuja dukani, akamwambia mumewe, "Huyu ni kama miye," au, "Huyu anapita miye kidogo." Kisha aliilowesha kila sidiria katika amido mara mbili, akapiga pasi mpaka ikasimama mezani peke yake. Wanawake walipita wakasimama kushangaa. Tisa walinunua. Ya kumi Mwajuma aliitoa zawadi.

Zawadi hiyo alimpa Chileshe, jirani wa nyumba ya pili. Chileshe alikuwa mke wa Bwalya, mfanyakazi wa kiwandani. Alikuwa amekaa miaka sita kwenye ndoa bila mtoto, na watu walikuwa wameanza kumsema. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwajuma alimpenda kama mdogo wake wa tumbo moja. Alimwekea sidiria mkononi, akamwambia avae siku ile ile atakayojifungua, asiivue, ili kifua kisimame vizuri ndani ya blauzi ya ubatizo.

Chileshe alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Mulenga. Alifanya kama alivyoambiwa.

Wiki ya tano, siku ya Jumatatu, Chileshe alikuja dukani akitembea polepole. Mtoto alikuwa mgongoni, analia kilio chembamba. Chileshe aliinamisha kichwa, akamwita yaya, yaani dada mkubwa, akasema kwa sauti ndogo, "Yaya Mwajuma, ile sutien iko nanikata. Mutoto akishika titi, miye natoka machozi."

Mwajuma alikuwa anapiga pasi. Hakuinua hata macho. Alimjibu kwamba kitu kipya ndivyo kilivyo, hata viatu vipya huuma kwanza, avumilie. Kisha akamwambia kuwa inaonekana imelegea, aitie amido tena. Chileshe aliitikia, akaenda zake. Hatumsemi Mwajuma kwa ubaya. Sifa ni kama pombe, na yeye alikuwa ameshalewa nayo.

Siku ya Jumatano alikuja mtu mwingine. Alikuwa Mama Kunda, mama mkwe wa Chileshe, aliyetoka Kambove kuja kumwona mjukuu wake. Alisimama mbele ya meza, akaomba chupa ya kunyonyeshea na kopo la maziwa. Mwajuma alinyoosha mkono kuichukua chupa rafuni. Chupa ikiwa mkononi, ndipo alipouliza ni ya mtoto gani.

"Ya Mulenga," Mama Kunda alisema. "Maziba ya mama yake imeharibika. Titi imekuwa nyekundu, iko moto, na yeye mwenyewe anatetemeka. Titi ya vile haipewe mutoto. Atakunywa ya kopo, na bota, uji kidogo."

Mwajuma alishusha mkono wenye chupa. Alikumbuka kilio chembamba cha Jumatatu. Alikumbuka pia maneno yake mwenyewe kuhusu viatu vipya. Miaka sita mwanamke yule alimsubiri mtoto, na sasa mtoto anataka kuachishwa titi kwa sababu ya zawadi yake. Aliirudisha chupa rafuni.

"Mama, siuzishe hii chupa leo," alisema. "Uningojee kidogo tu. Naenda kuita Mama Angélique."

Mama Kunda alikasirika, akasema hajapata kuona muuza duka anayekataa kuuza. Lakini Mwajuma alikuwa ameshatoka, hata pasi aliiacha inawaka. Amadi ndiye aliyekimbia kuiondoa kwenye shati la watu.

Angélique alikuwa mkunga msaidizi. Kila Alhamisi aliwapima watoto uzito kwenye zahanati ya mtaa. Zamani, kabla ya kusomea kazi hiyo, alikuwa ameajiriwa miaka mitatu katika nyumba ya Madame mmoja wa kizungu, akilea watoto na kufua nguo. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alinawa mikono kwa sabuni, akamfuata Mwajuma bila kuuliza mengi.

Walimkuta Chileshe amelala ubavu, amejifunika. Mtoto alikuwa mikononi mwa nyanya yake, aliyekuwa amesharudi, ananyonya kidole. Angélique alipoomba kuona, Chileshe alivuta kitambaa mpaka shingoni. Aliona haya. Angélique alikaa kitandani, akamwambia taratibu kwamba mficha uchi hazai. Ugonjwa hauoni haya, alisema, unakula tu. Ndipo Chileshe alipofunua.

Sidiria ilikuwa bado mwilini, ngumu kama gamba. Chini ya titi la kulia ilikuwa imechora mstari mwekundu. Juu ya mstari ule titi lilikuwa gumu na la moto. Chuchu ilikuwa na nyufa. Angélique alifungua vifungo, akaitoa. Akaigonga kwa ukucha, ikalia kama kadibodi.

"Nani alikufundisha kutia amido mu kintu ya kunyonyeshea?" alimwuliza Mwajuma.

Mwajuma alijibu kwamba aliiona dukani kwa wazungu, nyuma ya kioo, imesimama yenyewe.

"Uliishika?"

"Hapana. Siye banatuuzishia ku dirisha. Habatuache kuingia."

Angélique aliiweka sidiria kitandani. Hakusema kwa hasira. "Basi sikia, mama. Ile haisimame yenyewe. Ndani yake iko sanamu ya mbao, kifua na mabega. Miye nilifua za Madame myaka tatu. Ukiivua ku sanamu, inalala mu mukono kama leso. Iko laini sana. Amido haijaonaka kule."

Mwajuma alishika sidiria yake mikononi, na kwa mara ya kwanza aliipitisha upande wa ndani wa mkono wake, pale ngozi ilipo nyembamba. Ilimkwaruza. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha. Alipiga magoti karibu na kitanda. "Chileshe, mudogo wangu, miye ndiye nilikosa. Uliniambia Jumatatu, na miye sikukusikia."

Chileshe alimshika mkono.

Angélique alianza kazi. Alichukua kitambaa safi, akakichovya katika maji ya uvuguvugu, akakiweka juu ya titi lililovimba. Aliwaeleza wote watatu sababu. Maziwa ni kama maji ya mfereji, alisema. Ukibana mfereji mahali pamoja, maji yanakwama nyuma yake. Maziwa yakikwama, titi linakuwa gumu, kisha linashika moto, kisha homa inapanda. Na wanga mkavu ulikwaruza chuchu mpaka ikapasuka. Kwa hiyo mama akaogopa kunyonyesha, na maziwa yakazidi kukwama.

"Na maziba yenyewe?" Mama Kunda aliuliza. "Si imeharibika?"

"Hapana, mama. Maziba iko muzuri. Haina kumuzuru mutoto. Dawa ya kwanza ni huyu mutoto mwenyewe. Anyonye, anyonye sana, titi ifunguke."

Mama Kunda alikunja uso. Kule kwao titi la namna hiyo halikupewa mtoto tangu enzi za mama yake. Lakini mjukuu alikuwa analia, na kidole hakina maziwa. Alimleta.

Angélique alimwonyesha Chileshe namna ya kumshika mtoto, tumbo lake liguse tumbo la mama. Mdomo wa mtoto uwe wazi sana, achukue na sehemu nyeusi, si chuchu peke yake. Chileshe aliuma meno. Mara ya kwanza mtoto aliachia. Mara ya pili alishika, akavuta, koo likasikika likimeza. Angélique alipapasa titi polepole kuelekea kwenye chuchu. Mtoto alinyonya mpaka akalala. Chileshe naye alipumua.

Kabla ya kuondoka, Angélique alimwambia aendelee hivyo kila mara mtoto anapotaka, mchana na usiku. Baada ya kunyonyesha apake tone la maziwa yake kwenye chuchu, aache ikauke kwa hewa. Asifunge kifua kwa kitambaa chochote. Anywe maji, alale, na mama mkwe ashike kazi za nyumba. Kama kesho asubuhi homa haijashuka, au usaha ukitoka, asingoje dawa za jirani, aende hospitali apigwe sindano.

Asubuhi homa ilikuwa imeshuka kidogo. Ilikuwa Alhamisi, na Chileshe alipompeleka mtoto zahanati kupimwa, uzito wa Mulenga ulikuwa umepungua kuliko wiki iliyotangulia. Angélique aliuandika, akamwambia Chileshe asivunjike moyo, arudi Alhamisi ijayo.

Mwajuma aliona kuwa wiki hiyo ni yake pia. Alipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake tisa walionunua sidiria zake. Kila mlango ulikuwa mgumu kupiga hodi kuliko uliotangulia. Aliwaambia wazi kwamba alikosea, wavue, warudishe. Wawili walikuwa na nyufa tayari, akawaeleza alivyofundishwa. Régine, mke wa karani, alimsema sana barazani mbele ya watu. Mwajuma alisimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba sidiria yake.

Halafu alimgeukia Amadi. Walikaa na Angélique karakanani, na Mwajuma akauliza kila kitu. Kuuliza si ujinga, na safari hii hakutaka kukisia. Kitambaa kiwe pamba laini iliyokwisha kufuliwa mara mbili. Mikanda ya mabegani iwe mipana, isikate. Mbele ya kila titi kuwe na mlango wake wa kifungo, ili mama afungue upande mmoja kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Chini ya titi kidole kiweze kupita. Na asipimwe mwanamke mjamzito. Apimwe wiki moja au mbili baada ya kujifungua, maziwa yakiwa yameshajaa, maana kifua cha mimba na kifua cha maziwa si kimoja.

"Na pasi?" Mwajuma aliuliza. "Tuache na pasi?"

Angélique alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza. "Pasi usiache. Nguo ikianikwa inje, nzi zinatagia ndani yake, na funza zinaingia mu ngozi ya mutoto. Piga pasi ya moto, inje na ndani, mpaka mu mishono. Ila amido, hapana. Na sutien ikiloa maziba, mama abadilishe, asikae na ubichi."

Mwajuma alifurahi kama amerudishiwa mtoto. Ufundi wake haukuwa bure.

Lilibaki jambo moja, nalo lilikuwa zito. Amadi alisema, "Nitashona byote. Lakini kupima bibi ya mutu, sitapima." Hakuna aliyembishia, na wanawake wenyewe waliona haya kufunua kifua hata mbele ya Mwajuma. Hapo Mwajuma alimkumbuka nyanya yake wa Kasongo. Mwanamke akishika mimba, nyanya yule alifunga fundo moja kwenye uzi kila mwezi mpya ulipoonekana. Hakukosea miezi hata siku moja. Basi Mwajuma alikata nyuzi ndefu. Kila mama atajipima mwenyewe chumbani kwake: uzi uzunguke mbavu chini ya matiti, afunge fundo la kwanza, kisha uzunguke pale kifua kilipojaa, afunge fundo la pili. Atauleta uzi dukani. Amadi atasoma mafundo, na hatamwona mtu.

Uzi wa kwanza ulikuwa wa Chileshe. Amadi alishona siku hiyo hiyo. Mwajuma aliifua, akaisuuza, akaipiga pasi ndani na nje. Ilipopoa aliinua kwa vidole viwili. Ililala mkononi kama leso.

Alhamisi ilifika. Zahanati ilijaa wanawake, na habari ya sidiria ngumu na ya nyuzi za kujipima ilikuwa imeshazunguka mtaa mzima. Mwajuma alisimama karibu na mlango. Wengine walimtazama kwa pembe ya jicho. Régine alikuwa mbele.

Chileshe aliingia amevaa blauzi mpya iliyoshonwa na Amadi, yenye mikunjo miwili mbele iliyoficha nafasi ya kunyonyeshea. Hakuna kilichosimama wala kung'aa. Mtoto alilia kwenye foleni. Chileshe alipitisha mkono mmoja kwenye mkunjo, akafungua kifungo, na kabla watu hawajajua anafanya nini, mtoto alikuwa ananyonya. Chuchu ilikuwa imepona. Hakutoa chozi.

Angélique alimlaza Mulenga kwenye mzani. Akasogeza chuma, akakisogeza tena. Mwajuma alikuwa ameshika nguzo ya mlango kwa mikono miwili.

"Amerudisha yote aliyopoteza," Angélique alisema, "na ameongeza."

Aliyepiga vigelegele kwanza alikuwa Mama Kunda. Alimwinua mjukuu wake juu, akawageukia wanawake. "Muangalie huyu mutoto. Miye nilitaka kumupa ya kopo. Mama Mwajuma alikataa kuniuzishia chupa. Muuza duka anakataa kuuza, munaona? Kukataa kule ndio kulituponya." Wanawake waliitikia kwa vigelegele. Mwajuma alilia na kucheka pamoja. Kisha akajikaza, akawaambia wote kosa lake na jinsi lilivyorekebishwa, bila kupunguza neno. Alipomaliza, Régine alifungua mkoba wake. Alitoa uzi wenye mafundo mawili.

Kesho yake nyuzi zilikuwa nyingi hata Mwajuma akakosa pa kuziweka. Alilichukua kopo lake la amido, akamwaga wanga uliobaki kwenye sufuria ya uji wa jioni, akaliosha kopo. Nyuzi za akina mama zikakaa humo, kila moja na rangi yake. Amadi aliongeza cherehani ya pili. Wanawake walikuja kutoka mtaa wa Katuba na hata kutoka Kambove, wametumwa na Mama Kunda. Na mezani Mwajuma hakuweka kioo wala sanamu. Aliweka sidiria moja iliyolala wazi, na kila aliyeingia aliambiwa aishike kwanza, aipitishe ndani ya mkono, ndipo aulize habari zake.

Siku moja, mwisho wa masika, Madame kijana alisimama nje ya duka. Alikuwa na mtoto mchanga kwenye kigari. Dada yake ndiye yule Madame ambaye Angélique alimfulia nguo miaka ile mitatu, naye alikuwa amesikia habari. Alitazama ndani kupitia mlango wazi. Aliangalia kushoto na kulia kama mtu asiyejua aombe kwa dirisha lipi. Uso wake ulikuwa na maumivu ambayo Mwajuma aliyajua vizuri.

Mwajuma aliweka pasi kando. Alitoka mpaka mlangoni.

"Ingia, madame," alisema. "Hapa mutu anaingia, na anashika kwanza."